KENGELE YA WEZI NA UGONJWA WA KUSAHAU

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, akishauvuka Mto Ruvu, hufika Vigwaza, mahali ambapo malori husimama kupimwa uzito kwenye mizani ya barabara kuu. Biashara kandokando ya barabara hiyo imekua, na pamoja nayo maduka, maghala na nyumba zenye vitu vya kuibwa. Mlinzi mwenye rungu na tochi bado yupo, wala hakuna dalili kwamba ataondoka. Lakini baadhi ya wenye mali humpa msaidizi, yaani kengele ya wezi iendeshwayo kwa elektroniki. Msaidizi huyu halali, haombi ruhusa ya kwenda msibani, wala hadai posho ya usiku. Ana kasoro moja ambayo mlinzi hana: akikatiwa umeme vibaya, aweza kusahau kila alichofundishwa.

Kengele za kwanza za aina hii hazikuwa na cha kusahau. Mwaka 1853 Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa kengele ya umeme iliyounganishwa na milango na madirisha. Mlango ukifunguliwa, saketi hukamilika, sumaku-umeme huvuta nyundo, na nyundo hugonga kengele. Edwin Holmes aliinunua haki ya uvumbuzi huo mwaka 1857 na kuifanya biashara. Mashine ile haikujua saa, haikujua namba ya siri, wala haikuweza kumtofautisha mwenye nyumba na mwizi.

Sanduku la kengele ya siku hizi lapaswa kujua mengi. Ndani yake mna transfoma ya kupunguza umeme wa volti 230, bodi yenye saketi, na betri ya risasi na asidi ya volti 12, ambayo mara nyingi ni ya ampea-saa 7. Bodi hutunza namba za siri za watumiaji, orodha ya milango na vyumba vyenye vitambuzi, muda anaopewa mwenye nyumba kuzima kengele baada ya kuingia, na daftari la matukio: nani alizima, saa ngapi, kitambuzi kipi kilishtuka. Swali ni mahali mambo hayo yanapoandikwa.

Kumbukumbu za elektroniki ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza huishi kwa umeme. Katika mojawapo ya aina zake, iliyopatiwa hati ya uvumbuzi na Robert Dennard wa IBM mwaka 1968, kila tarakimu ni chaji ndogo sana ya umeme iliyowekwa katika kapasita. Chaji hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa, na saketi hulazimika kuujaza mtungi tena na tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Aina nyingine haivuji hivyo, bali hushikilia tarakimu kwa transista zinazozuiana, na hutumia umeme kidogo mno. Hata hivyo umeme ukikoma, yote mawili hufutika mara moja.

Namna ya pili haitegemei umeme kutunza kilichoandikwa. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alitangaza kumbukumbu ambayo elektroni zake hufungiwa katika kisiwa kidogo cha silikoni kilichozungukwa pande zote na kizio. Elektroni zikishaingia hazina njia ya kutokea. Ili kuzifuta, chipu ilipaswa kuangaziwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha cha kioo. Baadaye zilikuja chipu zinazofutika kwa umeme wenyewe, na katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka wa Toshiba akaleta aina ambayo leo imo katika kila simu ya mkononi. Chipu hizi huweza kutunza maandishi yake kwa miaka kumi na zaidi zikiwa kabatini.

Kengele nyingi za zamani zilitumia namna ya kwanza peke yake, na zikategemea betri kuzilinda. Nyingi za sasa huandika namba za siri katika chipu ya kudumu. Lakini zipo ambazo saa yake, na pengine daftari la matukio, bado hukaa katika kumbukumbu ya kupita. Nyingine zina kibetri cha duara cha lithiamu, cha volti 3, kwa ajili ya saa tu. Fundi asiyejua sanduku lililo mbele yake ni la kabila gani hana budi kusoma kitabu chake kabla ya kushika bisibisi.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na mtu mwenye nia njema. Tuchukue mfano wa ghala la mahindi lenye betri iliyochoka. Siku moja umeme unakatika mchana. Fundi anaona huo ndio wakati wa salama wa kubadilisha betri, kwa kuwa hakuna umeme wa kumdhuru. Anachomoa nyaya za betri kuukuu ili aunganishe mpya, na katika dakika hiyo moja sanduku linakosa umeme wa gridi na wa betri pamoja. Ikiwa ni la zamani, linapowaka tena limerudia namba ya siri ya kiwandani, ile iliyochapishwa katika kitabu na kujulikana na kila aliyewahi kufunga kengele za aina hiyo. Taa yake inawaka kama kawaida. Mwenye ghala hana habari.

Halafu, tuseme, mali inaibwa, na kufuli halikuvunjwa. Macho yote yanamgeukia mlinzi. Daftari la matukio ndilo ambalo lingeonyesha kwamba kengele ilizimwa saa nane usiku kwa namba ya mtu fulani, wala si ya mlinzi, nalo limefutika.

Jambo sahihi ni kinyume cha lile lililoonekana la busara. Betri ibadilishwe wakati umeme wa gridi upo, ili bodi isikose chakula. Ikiwa ni lazima kufanya kazi gizani, betri ya pili ya volti 12 iunganishwe kwanza sambamba na ile kuukuu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa waya wenye fyuzi, ndipo ile kuukuu itolewe.

Pakiwa na haja ya kuzima kila kitu, kama vile kuhamisha sanduku, kwanza programu yote iandikwe katika karatasi, chumba kwa chumba. Kisha kengele iwekwe katika hali ya matengenezo kwa namba ya fundi. King'ora cha nje kisisahauliwe: vingi vina betri yake chenyewe, na hulia mara waya unapokatwa, hata kijiji kizima kikakusanyika. Umeme wa gridi uzimwe kwanza, betri ibaki. Hii si kwa usalama wa mikono tu. Taa zikififia baada ya dakika chache, fundi ametambua kwamba betri ilikuwa pambo, naye aweza kurudisha umeme kabla kumbukumbu haijapotea.

Kwa hesabu ya karatasini, kengele inayotumia robo ya ampea hukaa saa 28 kwa betri ya ampea-saa 7. Betri iliyobakiwa na nusu ya nguvu yake hukaa saa 14. Katika mgao kama ule wa mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Mtera, betri huanza kila siku ikiwa na deni, kwa sababu chaja iliyomo sandukuni ni ndogo na haiwahi kulilipa. Joto nalo hudhuru: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa betri ya aina hii kwa karibu nusu, na sanduku lililofungwa chini ya bati, Vigwaza au Bagamoyo mjini, hupata joto la kutosha.

Umeme ukisharudishwa, namba za siri zijaribiwe, kila mlango ufunguliwe, na saa irekebishwe. Hapa pana mtego usiomo katika kitabu chochote cha kiwandani. Mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Fundi akiweka 2 kwa kuwa ni saa mbili asubuhi, daftari la matukio litakuwa nyuma kwa saa sita kamili, na mtu aliyefungua mlango asubuhi kwa haki ataonekana polisi kuwa aliingia usiku.