KUMZIKA NDUGU BILA KUMALIZA MSITU

Safari hii tunaongea juu ya jambo ambalo watu hawapendi kuligusa kabla halijafika, yaani namna ya kuzika. Tunaliongea mapema kwa sababu siku ya msiba hakuna mwenye nafasi ya kufikiri. Wajomba wanabishana, fundi anataja bei, na mtoto anatumwa sokoni kuuza unga wa mgao.

Mimi mwenyewe nimeyaona haya. Bibi yangu alipofariki hapa Nyarugusu, baba wadogo walitaka sanduku la mbao. Bibi alikuwa ameshasema akiwa hai kwamba mama yake alizikwa kwa mkeka kule Fizi, na yeye atatosheka na mkeka. Hakusikilizwa. Sanduku lilinunuliwa, nusu kwa deni, na tulikula mlo mmoja kwa siku mpaka mgao uliofuata. Deni lenyewe lilimalizika baada ya miezi.

Sanduku la mtu mzima linataka kama mbao sita au saba za futi 12. Mbao hizo zinatoka katika misitu ya miombo inayotuzunguka hapa Kigoma. Mninga, ambao mafundi wanaupenda kuliko miti yote, unachukua miongo mingi mpaka kufikia unene wa kupasuliwa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na wazee waliofika wakati ule wanasimulia kwamba kuni zilikuwa karibu na nyumba. Leo wakina mama wanatembea mbali. Wote tunajua yanayowapata njiani: kupigwa, kunyang'anywa panga, hata kubakwa. Kila mti unaokatwa karibu unawasogeza mbali zaidi.

Kuna wanaosema mkeka ni aibu, na sababu yao inaeleweka. Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa wingi na kipindupindu kikalipuka. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu kama 50,000. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, majembe hayakuingia, na maiti zililazwa kando ya barabara zimeviringishwa katika mikeka. Aliyeona yale hawezi kuusahau mkeka. Lakini wale watu walikosa kaburi, walikosa na ndugu wa kuwalilia. Hiyo ndiyo iliyokuwa aibu. Mkeka haukuwa na kosa.

Tuwaangalie majirani zetu Waislamu. Tajiri na maskini wote wanavishwa sanda nyeupe. Jeneza lao ni la kubebea tu. Baada ya mazishi linarudi msikitini kumngojea mwingine. Hakuna ubao wa sanduku unaoingia ardhini pamoja na maiti. Nasi wa makanisa mengine tunaweza kufanya hivyo. Katika kijiji chetu vijana walitengeneza machela moja imara, tukaifunika kitenge kizuri, na sasa familia kadhaa zimeshaitumia. Mara ya kwanza watu walinong'ona. Mara ya tatu hakuna aliyesema neno.

Ukichagua njia hii, tumia shuka ya pamba, kitenge cha pamba, au mkeka wa ukindu au wa matete. Hivyo vinaoza na kurudi kuwa udongo. Usimviringishe marehemu katika turubai la plastiki wala blanketi la nailoni, maana hayo yatabaki humo chini miaka mingi sana. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni hili: sanduku likioza, udongo wa juu unatitia na shimo linatuamisha maji ya mvua. Kaburi la mkeka linatitia kidogo tu, basi acha tuta la udongo juu yake.

Kaburi lisichimbwe popote. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika hutumia, vinataka liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi ya maji ya kunywa. Tena chini ya kaburi mpaka maji ya ardhini pabaki angalau mita 1.5. Mkichimba mkaona udongo umelowa sana au maji yanachuruzika, fukieni shimo hilo mkachimbe penye mwinuko. Msidanganywe na kiangazi, maji hupanda wakati wa masika.

Lakini angalieni sana: mtu akifa kwa kipindupindu au kwa ugonjwa unaoshukiwa kuwa Ebola, msimwoshe wala kumshika. Iteni watu wa afya kwanza. Wao watatumia dawa ya klorini na mfuko maalumu, hata kama ni wa plastiki. Hapo tunaulinda uhai kwanza.

Kwa alama ya kaburi, saruji si lazima. Jiwe lenye jina linatosha, au mche wa mti wa asili upande wa kichwani. Mkaratusi usipandwe, unakunywa maji mengi. Miembe nayo inakua vizuri, ila wengine hawataki kula embe la makaburini, na mimi ni mmoja wao.

Limebaki la matanga. Kwa kweli moto wa matanga unaweza kula kuni nyingi kuliko mbao za sanduku. Magogo yanawaka usiku kucha siku tatu, na sufuria ziko juu ya mafiga matatu. Moto mmoja wa kukesha unatosha kuliko minne. Chakula kipikwe kwenye majiko ya udongo yanayobana moto, na maharage yalowekwe tangu jioni. Majirani waje kila mmoja na kuni zake mbili tatu, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu, ili mzigo usimwangukie mjane peke yake.

Ongeeni na wazee wenu wakiwa bado hai. Waulizeni wanataka kuzikwaje, tena mbele ya mashahidi.