Puani, kooni au mate? Usikikimbie kijiti cha daktari

KILA Julai baridi inapokaza Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya juu ya mji wa Embu, mafua hubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mwanao aliyekwenda kumwona nyanya yake huko anaweza kurudi mjini akiwa na homa na kikohozi.

Daktari akitaka kujua ni virusi gani, ataagiza sampuli. Hapo ndipo wazazi wengi hushtuka wakiona kijiti kirefu kikielekezwa puani. "Kwani mate hayatoshi?" huuliza.

Swali ni zuri, msomaji. Virusi vya influenza, RSV na korona huzaliana katika utando laini wa ndani ya pua na koo. Kisichochotwa hapo hakitaonekana maabarani, hata mashine iwe bora namna gani.

Njia ni hizi:

Kijiti cha puani: Husukumwa taratibu, sambamba na kaakaa, hadi nyuma kabisa ya pua, kisha huzungushwa kwa sekunde chache. Hutoa machozi, lakini hakifiki kwenye ubongo.

Kuosha pua: Maji safi ya chumvi hutiwa puani na kuvutwa tena. Hutumika sana kwa watoto wachanga, ila huhitaji vifaa zaidi.

Kijiti cha kooni: Ni rahisi, lakini peke yake huweza kukosa virusi vilivyoko puani. Ndiyo maana wakati wa Covid-19 mwaka 2020 wengi walipanguswa puani na kooni pia.

Mate: Yalitumika kupima Covid-19, lakini mtoto mchanga hawezi kutema akiambiwa.

Kohozi: Hufaa ugonjwa ukishashuka mapafuni, kwani wakati huo pua huenda haina virusi tena.

Ipi bora? Watafiti wa KEMRI huko Kilifi walilinganisha kuosha pua na kijiti chenye nyuzi laini za nailoni zilizosimama kama brashi. Mwaka 2011 waliripoti kwamba kijiti hicho, sampuli zikipimwa kwa njia ya PCR, kiligundua virusi zaidi kwa watoto.

Hata hivyo, kijiti bora hakisaidii ukichelewa. Virusi huwa vingi siku chache za kwanza za ugonjwa. Sampuli nayo lazima iwekwe kwenye dawa yake ya kuihifadhi na isafirishwe ikiwa baridi. Ikikaa juani kwenye matatu kutoka kijijini hadi maabara ya mjini, jibu huweza kuwa la uongo.

Kwa hiyo, jibu likisema hakuna virusi na mtoto bado anazidiwa, usitulie. Mrudishe, na uulize kama sampuli nyingine inahitajika. Jibu likionyesha virusi pekee, usimshurutishe daktari akupe antibiotiki. Dawa hizo haziui virusi.

Na usingoje jibu lolote ukiona dalili hizi: mtoto anapumua mbio, kifua kinabonyea ndani avutapo pumzi, anashindwa kunyonya, ana degedege au midomo imegeuka rangi ya samawati. Mkimbize hospitalini mara moja.

Siku ya kupimwa, mpakate mtoto, mshike kichwa kisitikisike, na umwache muuguzi afanye kazi yake. Machozi ya dakika moja ni nafuu kuliko wiki nzima ya kutibu ugonjwa usiojulikana.