Urithi wa mwili: jeni na damu

Mapadri na makatekista wanajua habari hii. Bwana na bibi, wote wawili wazima, wanazika mtoto wa kwanza, kisha wa pili. Jamaa wanasema bibi ni mlozi, ndoa inavunjika. Tuone basi elimu inasema nini.

Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino, alianza mwaka 1856 kuchunguza njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno. Alichanganya namna mbili: moja ya mbegu za mviringo, moja ya mbegu zenye mikunjo. Uzao wa kwanza ulikuwa wa mviringo tu. Je, mikunjo ilipotea? Hapana, ilijificha. Katika uzao wa pili alihesabu mbegu za mviringo 5474, na zenye mikunjo 1850: karibu tatu kwa moja. Akafahamu kwamba kila tabia ina alama mbili, moja toka kwa baba, moja toka kwa mama, na moja yaweza kufunika nyingine. Alieleza hayo mwaka 1865. Wataalamu walikuja kumsikia mwaka 1900, naye alikwisha kufa mwaka 1884. Alama zile twaziita leo jeni.

Jeni ni kama agizo lililoandikwa ndani ya chembe za mwili. Moja inaagiza namna ya kutengeneza hemoglobini, inayochukua oksijeni katika damu. Agizo hilo likikosewa mahali pamoja tu, chembe nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa, zinavunjika upesi: ndipo maumivu ya mifupa, macho ya manjano, upungufu wa damu. Ndiyo drepanositozi, wengi wanasema «SS».

Mwenye jeni moja tu ya namna hiyo, yaani AS, kwa kawaida haugui. Tena anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, ndiyo sababu jeni hiyo imeenea sana katika inchi yetu. Lakini AS akioa AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Tusikosee: si kusema watatu watapona na wa nne ataugua. Kila mimba inaanza hesabu upya. Wengine wanapata wagonjwa wawili wakifuatana, wengine hawapati hata mmoja.

Basi kumshitaki mama peke yake ni uwongo: mtoto SS amepokea jeni moja toka kwa baba vilevile. Wachumba tuwashauri wapimwe damu mapema, mbele ya mahari kutolewa. Hatuwakatazi, ugonjwa huu si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa. Na mtoto SS akishikwa na homa, asikawizwe nyumbani kwa maombi wala kwa dawa za mfumu: apelekwe dispanseri siku ile ile.