Sura ya Tano: Hamsini kwa Moja

Mtu aondokaye Tandale alfajiri kwenda Masaki kufyeka bustani ya mkurugenzi hatoki nje ya Kinondoni, walakini amevuka bahari. Na mwenye kutaka kukijua kina cha bahari hiyo asiulize tajiri ana mali kiasi gani, bali aulize mshahara wa juu umebeba mishahara mingapi ya chini.

Mizani hiyo ndiyo aliyoitumia Mwalimu Nyerere mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha: wakati wa uhuru mshahara mkubwa wa serikali, baada ya kodi, ulikuwa mara 50 ya ule mdogo, na kufikia 1976 ulikuwa umeteremka hadi mara 9. Haukuteremka kwa sudi. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana hadi Ikulu kukataa Jeshi la Kujenga Taifa, ambako sehemu ya ujira wao ingekatwa, Mwalimu kwa ghadhabu aliwarudisha makwao, kisha, jambo ambalo wenye ghadhabu aghalabu hawalifanyi, akajigeukia mwenyewe: mshahara wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi akaupunguza kwa asilimia 20, na ya wakubwa wenzake ikafuata. Februari 1967 Azimio likamharamishia kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, haramu hiyo ikahalalishwa.

Machi 2016, Rais Magufuli, akiwa Chato, alitangaza kwamba wapo wakuu wa mashirika ya umma walipwao hata shilingi milioni 40 kwa mwezi, na kwamba tangu hapo hapana atakayepita milioni 15. Watu walishangilia, wala siwalaumu. Ila msomaji ashike kalamu. Kima cha chini serikalini kilikuwa 300,000. Milioni 40 ni zaidi ya mara 133 ya kima hicho, na milioni 15, ambayo ndiyo dawa yenyewe, ni mara 50 barabara: palepale mkoloni alipotuacha, ijapokuwa insafu yanidai niseme kwamba hesabu yangu ni ya kabla ya kodi.

Na zote hizi ni hesabu za wenye hati ya mshahara. Mpakia mizigo wa Mbagala, alipwaye kwa siku, hayumo humu, wala hakuwamo katika ile ya Mwalimu.