Mhadhara wa Chuo Kikuu na Msikilizaji Aliye Mbali

Wachungaji wengi wa nchi hii wakisikia neno mhadhara hawafikirii kwanza chuo kikuu. Hufikiria kiwanja cha wazi, kipaza sauti juu ya meza, na msemaji anayelinganisha Biblia na Kurani ili kuonyesha kwamba wenzake wamepotea. Mihadhara ya namna hiyo ilienea mijini tangu miaka ya 1980, na Wakristo nao wakaijibu kwa mikutano yao, mara nyingi kwa ukali ule ule. Ndiyo sababu tumeona yafaa kueleza hapa mhadhara wa aina nyingine, ule ambao vyuo vikuu huutoa kwa watu wote juu ya historia, fasihi, falsafa na lugha. Maneno mhadhara, hadhara na kuhudhuria yana asili moja. Kwa hiyo waliohudhuria wamo ndani ya neno lenyewe, na tukitaka kuupima mhadhara hatuna budi kuuliza waliohudhuria walipewa nafasi gani.

Mfano ulio karibu nasi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Wasiofika huko kamwe wameiona picha ya Ukumbi wa Nkrumah nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla noti hiyo haijaanza kubadilishwa kwa sarafu mwaka 2014. Humo walisikilizwa watu wa kila nchi. Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha historia chuoni hapo hadi mwaka 1974, alikuwa na mazoea ya kutoka darasani na kusema mbele ya yeyote aliyetaka kusikia; kitabu chake juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika kilichapishwa mwaka 1972. Mwaka 2008 kilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Katika tamasha lake la kwanza, Aprili 2009, mgeni aliyetoa mihadhara alikuwa Wole Soyinka wa Nigeria, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 1986. Jina hilo la kigoda tunalipenda. Kigoda ni kiti kifupi, na anayekikalia huonana uso kwa uso na walioketi mkekani.

Kwa kawaida utaratibu ni huu. Msemaji huandaa maneno yake kwa maandishi, huyatoa kwa muda wa saa moja hivi, kisha mwenyekiti hufungua maswali. Sehemu hii ya pili ndiyo tunayotaka ndugu zetu waiangalie. Katika ibada hakuna anayenyoosha mkono baada ya mahubiri, nasi hatusemi iwe hivyo. Mahubiri yana kazi yake. Kwenye kiwanja cha mabishano maswali yapo, lakini huulizwa ili mwenzako aaibike. Mhadhara wa chuo kikuu, ukienda vema, humweka msemaji mahali ambapo aweza kuambiwa amekosea, akashukuru, akaenda kurekebisha maandishi yake. Hatujui shule nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo kwa mwanafunzi wa theolojia.

Lakini swali huulizwa kwa lugha gani? Sisi wenyewe tumewahi kuketi katika ukumbi wa chuo fulani tukiwa na swali lililokomaa kwa Kiswahili, tukajaribu kuligeuza kwa Kiingereza, na kabla hatujamaliza mwenyekiti akafunga mjadala. Walioketi karibu nasi walituambia baadaye kwamba nao walikuwa na maswali yao.

Historia ya chuo hicho cha Dar es Salaam yatupa jambo la kutafakari. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kwao kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kutoka vinywani mwa wazee. Mwaka 1969 Profesa Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963, alitoa mhadhara mashuhuri kuonyesha kwamba Waafrika walikuwa watendaji katika historia ya Tanzania, si watazamaji tu. Wazee walisimulia kwa lugha zao. Mhadhara ulitolewa kwa Kiingereza, na matokeo ya utafiti ule kwa sehemu kubwa yakaandikwa hivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein, aliyesoma chuoni hapo, alichapisha tamthilia yake Kinjeketile kwa Kiswahili, juu ya vita hivyo hivyo. Ni ipi kati ya kazi hizo mbili iliyofika mbali zaidi? Mhadhara wa Ranger unajulikana kwa wanahistoria. Tamthilia ilisomwa na vijana mashuleni, nao wakaijadili, wakabishana kama maji yale yalikuwa imani au udanganyifu. Tangu mwaka 1970 Idara ya Kiswahili imefundisha kwa Kiswahili mpaka shahada, kwa hiyo haisemeki kwamba lugha haitoshi.

Tuyaangalie haya tukiwa Ruanda, kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Hii ni nchi ya kahawa. Kutoka Dar es Salaam mpaka huku ni zaidi ya kilometa 850, na mkulima hataacha shamba lake ili aende akamsikilize profesa. Ila profesa aweza kuja. Darasa la shule ya msingi au jengo la kanisa latosha kuwa ukumbi, na mchungaji wa mahali, akikumbuka kwamba siku hiyo yeye si mhubiri, atafaa kuwa mwenyekiti.

Na mada zipo. Katika wilaya hii hii, Ndolezi, kipo kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930. Mtu wa Ruanda asikiapo neno kiligunduliwa atataka kujua: kiligunduliwa na nani, ilhali Wanyiha walikuwa wakilima na kuchunga huku kabla ya mwaka huo? Walikiitaje? Walisema kimetoka wapi? Swali hilo ni la historia, na la lugha, na kwa wasomaji wetu ni la theolojia pia. Laweza kuulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa na mzee kwa Kinyiha, mwalimu wa shule akitafsiri, na mtoa mhadhara akiwa na karatasi mkononi ya kuandikia.