Umeacha dawa ya nywele? Masika yasikukatishe tamaa

Nywele ulizozinyoosha asubuhi, mchana zimejikunja na kuvimba. Si ugonjwa. Unywele hunyonya unyevu wa hewani, ukarudi kwenye umbo lake la asili.

Tatizo liko pale nywele mpya zinapokutana na zile zenye dawa: hapo ndipo hukatikia. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo punguza ncha zenye dawa kidogo kidogo.

Tunashauri uzilowanishe kwanza, uchane kwa kitana chenye meno mapana ukianzia nchani. Paka mafuta ya nazi kidogo, kisha suka mabutu au twende kilioni. Paji likiuma, mwambie msusi alegeze. Usijifunge kilemba kabla hazijakauka, zitanuka.