Gobole: baruti haikisiwi

Gobole, hata lenye leseni, halina risasi ya kiwandani. Mwenye nalo ndiye anayepima: baruti, kizibo, marisau (chembe za risasi), kizibo tena, vyote vikishindiliwa kwa mdeki. Hapo ndipo watu hupoteza vidole.

Wazoefu huanza na kipimo kidogo alichokubali fundi aliyeikagua bunduki hiyo hiyo. Kikombe kimoja hupima baruti na marisau, ujazo sawa. Baruti ikizidi, bega huumia na chembe hutawanyika na kuacha mapengo. Shahidi ni karatasi: chora duara la sentimita 75, piga ukiwa mita 36, hesabu matundu.

Mambo mawili hupasua mtutu. Kwanza, nafasi iliyobaki kati ya baruti na kizibo. Tia alama kwenye mdeki ujue umefika chini. Pili, msikilizaji, baruti isiyo na moshi, ile inayotolewa kwenye risasi za kisasa. Hata kidogo usijaribu. Nguvu yake inauzidi mtutu huu.

Na magobole ya bomba la maji? Birmingham, Uingereza, ina nyumba ya kujaribia mitutu tangu 1813: mtutu hufyatuliwa kwa baruti ya ziada kabla bunduki haijauzwa. La bomba hujaribiwa mkononi mwa mwenyewe.